Kompaila yako uiandike kwa lugha gani? Fanya hivi kabla hujaanza

Juzi nilikaa na kijana mmoja hapa Wandegeya, yeye na wenzake wanatengeneza kalugha kao kadogo ka programu, wanataka kodi iwe wazi (ya kompyuta, sio ya URA, wakusanya ushuru wa Uganda) ili yeyote achangie, ila wamekwama wakibishana kompaila yake (programu ya kugeuza kodi iwe kitu mashine inaweza kuendesha) waiandike kwa Rust au C++. Nikamwambia weka hizo pembeni kwanza.

Hatua 1. Andika majina ya watu watatu ambao kweli watakuja kusaidia, halafu uliza wanajua nini. Ukichagua lugha kama Haskell na hakuna anayeijua, huo mradi utabaki wako peke yako.

Hatua 2. Andika kipande kilekile kwa lugha mbili: parsa (ya kusoma maandishi na kujua muundo wake) ya hesabu kama 2 + 3 * x, na kukagua aina, yaani kama namba imetumika penye namba. Siku mbili zinatosha. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mimi ni mtu wa lugha ya OCaml, mti wote wa sintaksia (muundo wa kodi ambao parsa imeusoma) unaueleza kwa mistari michache na ukisahau tawi moja inakuonya. Rust yenyewe kompaila yake ya kwanza ilikuwa OCaml. Na ukikosea utahama, kompaila ya Go ilikaa kwa C mpaka toleo 1.5, mwaka 2015.

Hatua 3. LLVM, yaani maktaba ambayo kompaila nyingi huitumia kutoa kodi ya mashine. Hapa mimi nilichoma wikendi nzima. Jaribu kuiunganisha na lugha yako SASA, tena kwa laptopu mbovu kuliko zote kwenye timu. Mimi nilishusha LLVM yote kwenye mashine ya RAM GB 4, nikaibild kwa Debug (bild nzito yenye taarifa za kutafutia makosa) sababu sikujua, masaa yanaenda, ikifika kwa kulink (kuunganisha vipande viwe programu moja) inaandika Killed halafu kimya, narudia, stima inaenda, narudia tena, bando nalo limekwisha. Kumbe kulink Debug kunakula memori vibaya na ninja, programu inayoendesha bild, inaanzisha kadhaa kwa mpigo. Kama lazima ubild, weka CMAKE_BUILD_TYPE=Release, LLVM_TARGETS_TO_BUILD=X86 kama mashine ni Intel au AMD, na LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1. Lakini kwa nini ujitese, chukua iliyo tayari ya apt, kisakinishi cha Ubuntu na Debian. Halafu angalia namba ya toleo, maktaba ya lugha yako lazima ilingane na LLVM uliyoweka, maana API (njia ambayo kodi yako inaitumia LLVM) ya C++ inabadilikabadilika, mfano pointa zenye aina zilitolewa kabisa toleo 17 na mifano mingi ya zamani ikafa hapo hapo. API ya C imetulia kidogo. Na ukiona yote haya ni mzigo, kompaila yako itoe C tu, gcc (kompaila ya C) imalizie, hiyo hata kwa Python unaweza na hakuna wa kukucheka.

Hatua 4. Leseni, README, pusha.

Kijana amechukua Go. Nimeuma meno, ila wenzake wawili wanaijua, na OCaml ni mimi tu.