Ukikuta kintu ya zamani ndani ya parki, fanya hivi

Bandugu ba Goma, parki ya Virunga si nyama tu. Tunasema gorila, tunasema volkano, tunasahau kama batu baliishi mule maelfu ya miaka mbele parki itengenezwe 1925. Pale Ishango, penye mto Semliki unatoka ndani ya ziwa Edward, ndo kulitoka ule mfupa mudogo wenye banaita mfupa wa Ishango, urefu karibu sentimetre 10, kipande ya kwarizi (jiwe ngumu) imebandikwa kwa ncha, na mikato imepangwa kwa mistari tatu. Mustari moja ukihesabu unapata 11, 13, 17, 19. Iko na miaka kama 20000. Jean de Heinzelin, mujeolojia wa Ubelgiji, aliufukua 1950 na leo uko Brussels, na mutoto wa huku anapaswa kuomba viza juu ya kuona kintu ya kwabo, ile inaniuma sana.

Sasa ukiwa unatembea na gardi (mulinzi wa parki), ao unavua kule ziwani, na ukaona kipande ya chungu ao jiwe yenye ilichongwa: usiitoshe mahali iko. Hii ndo ya kubwa kupita yote. Miaka ya ule mfupa tunaijua juu balijua ulitoka katika tabaka gani ya udongo na ulilala pamoja na nini, mifupa ya samaki, chusa, bile byote. Wewe ukitia chungu kwa mufuko, jioni iko tu kipande ya chungu, hakuna mutu ataweza kusema ni ya wakati gani. Na usichimbe "kidogo tu" juu ya kuona chini.

Kama ni chuma na huijui, usikaribie hata, vita imeacha mabombu huku kwetu, rudia njia ulikuja nayo na uite gardi.

Piga foto. Moja ya karibu, weka biki pembeni juu ukubwa ionekane, moja ya mbali yenye kuonyesha muti ao kilima, na uandike pointi ya GPS. Halafu hiyo pointi usiitume kwa grupu ya WhatsApp wala Facebook, juu benye banauzisha batafika mbele ya gardi! Peleka kwa ICCN (shirika ya serikali yenye kusimamia maparki), na umujulishe shefu wa kijiji. Sheria ya kulinda mali ya utamaduni iko tangu 1971.

Makaburi, mapango na miti ya matambiko ni ingine. Pale uliza bazee mbele ya kupiga foto, na bakikatala, achana nayo. Upande wa Bukavu, Batwa balitoshwa ndani ya parki ya Kahuzi-Biega miaka ya 1970, na makaburi ya bankambo yabo yalibakia ndani. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kama serikali ilibavunjia haki. Kwa hiyo kama unaongoza batalii kule, usibapeleke fasi ya Batwa bila Batwa benyewe kukubali.

Na kama uko nayo tayari nyumbani: usiioshe, usiisugue na brosi, usiipake verni. Funga kwa karatasi kavu, andika ilitoka wapi na mwaka gani hata kwa kukisia, na upeleke ICCN. Ikiwa ilikuwa ya marehemu baba, uliza kwanza bakoko na bamama bakubwa ba familia, mara mingi banakumbuka kilima yenyewe.