Umepata majibu ya jeni ya ACE, umeona DD? Soma hapa kwanza

Kuna watu wanapima DNA, majibu yanakuja kwenye simu, wanaona DD, wanaogopa presha, basi usingizi umeisha. Tulia kwanza.

Jeni ya ACE iko kwenye kromosomu ya 17 na unazo nakala mbili, ya baba na ya mama. Nakala yenye kipande fulani cha herufi 287 za DNA inaandikwa I, isiyo nacho inaandikwa D. Kwa hiyo utakuwa II, ID au DD. Mwenye DD kwa kawaida ana kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kemikali mwilini) cha ACE kingi kwenye damu, na hicho ndo kinatengeneza anjiotensini 2 inayobana mishipa na kufanya mwili ushike chumvi. Hapo ndo watu wanaposema basi presha ishaniingia, wakati mchango wa hizo herufi peke yake ni mdogo sana, chumvi na uzito wa mwili vina nguvu zaidi.

Na mazoezi je? Mwaka 1998 watafiti Uingereza waliona wapanda milima waliovuka mita 7,000 bila oksijeni wengi wana I, ikaanza kuitwa jeni ya stamina. Sasa 2005 wakapimwa wakimbiaji wakubwa wa Kenya, kwa herufi hizo hawakutofautiana na Wakenya wengine! Kimbia tu ndugu yangu. Na kule Ufaransa, 1994, kati ya waliofikisha miaka 100 DD walikutwa wengi kuliko kwa watu wa kawaida, hizo hizo herufi unazoziogopa.

Cha kufanya ni kupima presha nyumbani, na upime vizuri. Mama yangu mdogo alikuwa anafunga ule mkanda juu ya sweta, katoka jikoni anahema, namba zinaruka tu. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini usiikunje, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo, kahawa na sigara uwe umeacha nusu saa kabla, pima mara mbili ukipisha dakika moja. Asubuhi na jioni, wiki nzima, andika kwenye daftari. Wastani ukifika 135/85 nenda kwa daktari.

Akikupa dawa za presha kama enalapril au lisinopril, hizo ndo zinazuia hicho kimeng'enya. Ukipata kikohozi kikavu kisichoisha mwambie abadilishe, midomo au ulimi ukivimba kimbia hospitali hapo hapo, na kama una mimba au unatafuta mtoto sema kabla hajaandika dawa.