Kuchagua njia ya kutengeneza kahawa kwa mkono: ile utakayoitumia kila siku

Watu wakiniuliza ni kifaa gani kinachotoa kahawa nzuri kuliko vyote, huwa sijibu mpaka wanieleze mambo matatu: wanatengeneza vikombe vingapi kwa mara moja, kahawa yao inasagwa kwa kitu gani, na nani anaosha vyombo. Karibu kila kifaa cha mkono kinaweza kutoa kikombe kitamu. Tofauti kubwa iko kwenye kazi kinachokudai. Kifaa cha kila siku ni kile unachoweza kukitumia ukiwa na usingizi na haraka, na bado ukapata kahawa ya kunyweka. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, na usinunue chochote kabla hujafika ya sita.

Hatua ya 1: Hesabu vikombe, kisha hesabu dakika

Fikiria asubuhi ya siku ya kazi, maana asubuhi ya mapumziko hukudanganya kwamba una muda. Je, ni kikombe chako peke yako, au kuna watu wanne wanaosubiri?

AeroPress, bomba la plastiki la kulowekea kahawa na kuisukuma ipite kwenye chujio, lililobuniwa na Mmarekani Alan Adler na kuingia sokoni mwaka 2005, ni kifaa cha mtu mmoja. Kuhudumia watu wanne ni kurudia kazi ileile mara nne. V60, kifaa cha umbo la koni kinachowekwa juu ya kikombe kikiwa na karatasi ya kuchujia ndani, ikiwa ya ukubwa wa kawaida inatosha kikombe kimoja au viwili. Presi ya Kifaransa, jagi la kulowekea kahawa lenye wavu wa chuma unaoshushwa kwa mkono, ikiwa ya lita moja inahudumia watu watatu au wanne kwa mkupuo mmoja, na Chemex, ile chupa ya kioo yenye kiuno chembamba aliyoibuni mkemia Peter Schlumbohm mwaka 1941, nayo inafaa kundi.

Kwenye birika la moka, lile la kuweka jikoni ambalo mvuke husukuma maji ya chini yapite kwenye kahawa hadi juu, kuwa makini na maandishi ya kwenye boksi. Moka ya "vikombe vitatu" hupimwa kwa vikombe vidogo vya espreso, na kahawa yote inayotoka ni kama mililita 130 hadi 150 tu. Ni nzito na kali, lakini kwa mtu aliyezoea kikombe kikubwa ni kama nusu yake.

Ukija kwenye dakika, tenganisha za kusubiri na za kusimama. Presi inachukua muda mrefu kuliko V60, ila ukishamimina maji uko huru kuvalisha watoto au kupiga pasi. V60 inamalizika ndani ya dakika tatu, lakini dakika zote hizo umesimama hapo na birika mkononi. Kwa wengine kusimama huko ni raha. Kwa mwenye nyumba yenye pilikapilika ni sababu tosha ya kutafuta kitu kingine.

Hatua ya 2: Amua kama unataka karatasi

Hapa ndipo ladha inapogawanyika kweli, kuliko jina au umbo la kifaa.

Mwaka 1908 Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, alisajili hataza ya chujio lake la karatasi kwa sababu alichoka na mashapo na uchungu kwenye kikombe. Karatasi hunasa vumbi la kahawa pamoja na sehemu kubwa ya mafuta yake. Kinachopita ni kahawa nyepesi mdomoni, angavu, ambayo ndani yake unatofautisha harufu ya matunda na ya maua. V60, Chemex na AeroPress ziko upande huu, na karatasi za Chemex ndizo nene zaidi, kwa hiyo kikombe chake ndicho safi kuliko vyote.

Chujio la chuma la presi na la moka huyaacha mafuta yapite. Kahawa inakuwa nzito, inajaa ulimini, na kikombe cha presi kinabaki na mashapo kidogo chini. Anayeweka maziwa mara nyingi atafurahia upande huu zaidi, kwa sababu kahawa nyepesi humezwa na maziwa ikapotea.

Huhitaji kununua vifaa viwili ili kujua uko upande gani. Azima presi, au loweka kahawa kwenye jagi lolote linalostahimili joto. Ikiiva, mimina nusu moja kwa moja kwenye kikombe, na nusu nyingine ipitishe kwenye karatasi ya kuchujia. Ngoja vikombe vyote vipoe kidogo, kisha onja kwa zamu, kimoja baada ya kingine. Kahawa ni ileile, maji ni yaleyale, na tofauti yote unayoisikia imeletwa na karatasi. Jaribio hili limewasaidia watu wengi niliowafundisha kuliko maelezo yangu yote, na huwa linawashangaza: aliyekuja akiapa kwamba anapenda kahawa nzito anajikuta anarudia kikombe chepesi.

Kuna pia suala la afya. Mafuta ya kahawa yana kemikali iitwayo kafestoli, ambayo hupandisha lehemu mbaya kwenye damu ikinywewa kwa wingi na kwa muda mrefu. Karatasi huinasa karibu yote. Kahawa ya kuchemshwa bila kuchujwa na ile ya presi ndizo zenye kiasi kikubwa. Kama daktari amekwambia uangalie lehemu na unakunywa vikombe kadhaa kwa siku, chagua njia ya karatasi na mjadala uishie hapo.

Karatasi ina udhia wake pia: huisha. Kama mahali ulipo kuzipata ni kazi, usijifunge na kifaa kisichofanya kazi bila karatasi za umbo lake.

Hatua ya 3: Tazama kahawa yako inavyosagwa

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoharibu vikombe vingi. Kila njia ina kiwango chake cha usagaji. Presi inataka chembe kubwa, kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Chemex inataka kati na kati, ikielekea ukubwa. V60 inataka laini kidogo kuliko hapo, na moka laini zaidi, ingawa isifikie ya espreso. Kahawa ya Kituruki, inayopikwa kwenye kisufuria cha mpini mrefu, inataka unga kabisa.

Kama unanunua kahawa iliyokwisha kusagwa, ishike kati ya vidole kabla ya kuamua kifaa. Nyingi ni laini kiasi cha moka, au cha AeroPress ukiloweka kwa muda mfupi. Ukiitia kwenye presi, utakunywa tope.

Kama una mashine ya visu vinavyozunguka, ijue tabia yake: inakata ovyo, ikikupa vumbi na mapande kwa wakati mmoja. Vumbi huachia uchungu haraka, mapande hayajaiva, na kikombe kinakuwa kichungu na kichachu kwa pamoja. Njia za kuloweka, yaani presi na AeroPress, huvumilia kasoro hiyo. V60 haivumilii, kwa sababu vumbi huziba karatasi na maji yakagoma kushuka.

Ukiwa na fedha kidogo ya kutumia, inunulie kinu cha mkono chenye meno ya kusagia, kile cha kuzungusha, kabla hujafikiria kifaa cha kupendeza. Presi ya bei ndogo na kinu kizuri huishinda V60 ya kauri iliyotiliwa kahawa iliyosagwa vibaya. Isitoshe, punje nzima hutunza harufu kwa wiki kadhaa, ilhali kahawa ya unga huanza kuipoteza saa ileile inaposagwa.

Hatua ya 4: Angalia birika na maji

Kwa njia nyingi, maji ya nyuzijoto 90 hadi 96 yanafaa. Kahawa iliyokaangwa ikawa nyeusi sana ipe maji yaliyopoa kidogo, na iliyokaangwa kidogo ipe ya moto zaidi. Ukiishi mahali pa juu, kumbuka kwamba maji huchemka mapema: kwenye mita 1,500 huchemka karibu nyuzijoto 95, hivyo usiyapoze, mimina yakichemka tu.

V60 hutaka birika lenye mdomo mrefu mwembamba, maana mmiminiko mnene hutoboa shimo katikati ya kahawa na maji yakapita bila kubeba ladha. Presi haijali unamiminaje. Na kama maji yako yana harufu ya klorini, yachuje kwanza. Zaidi ya asilimia 98 ya kikombe ni maji.

Hatua ya 5: Fikiria usafi kwa unyoofu

AeroPress ndiyo rahisi: unasukuma, kahawa iliyobanwa inadondoka kwenye taka ikiwa kipande kimoja, unasuuza, basi. V60 na Chemex ni kutoa karatasi na kutupa, ingawa shingo ya Chemex inahitaji brashi ndefu. Presi ndiyo yenye kazi. Machicha hung'ang'ania chini na kuingia kwenye wavu, na yakimwagwa kwenye sinki siku baada ya siku yataziba bomba. Mafuta yakibaki kwenye wavu huvunda na kuitia kahawa ya kesho harufu mbaya, kwa hiyo fungua sahani zake na uzioshe kwa sabuni mara kwa mara. Moka ya alumini isiingie kwenye mashine ya kuoshea vyombo, huwa nyeusi.

Hatua ya 6: Chagua

Unakunywa peke yako, kahawa yako ni ya unga, na huna muda: AeroPress.

Mko wengi, au unatumia maziwa, au mashine yako ya kusagia ni ya visu: presi.

Unapenda kahawa kali kwenye kikombe kidogo na jiko liko karibu: moka.

Una kinu kizuri na mizani, unanunua kahawa kutoka mashamba mbalimbali na unataka kuzitofautisha: V60. Mkiwa wengi, Chemex.

Mtu asiyejua kabisa aanzie wapi huwa namwelekeza kwenye presi. Inasamehe karibu kila kitu.

Hatua ya 7: Anza na kipimo, usikisie

Mizani ya jikoni ni muhimu kuliko kijiko, kwa kuwa kijiko cha kahawa nyeusi sana huwa chepesi kuliko cha kahawa iliyokaangwa kidogo. Anza na gramu 60 za kahawa kwa lita moja ya maji.

Presi: gramu 30, maji mililita 500. Mimina yote, hakikisha kahawa yote imelowa, weka saa. Baada ya dakika nne utaona tabaka nene limeelea juu. Lipitishe kijiko mara moja au mbili. Sehemu kubwa itazama yenyewe. Povu na vipande vilivyobaki vikwangue uvitoe. Sasa subiri tena dakika tano. Usiogope kwamba itakuwa chungu, kahawa ya chembe kubwa iliyotulia chini haiachii mengi tena. Shusha wavu mpaka ugusie tu uso wa kahawa, usiukandamize hadi chini, kisha mimina taratibu. Kukandamiza kwa nguvu ndiko kunakotibua mashapo.

V60: gramu 15, maji gramu 250. Suuza karatasi kwa maji ya moto kwanza, yatoe ladha ya karatasi na kupasha kifaa joto. Mimina gramu 45 na uache kahawa iumuke kwa sekunde 30 hadi 45. Vile viputo ni hewa ya ukaa inayotoka. Kahawa isiyoumuka kabisa imeshakaa sana. Mimina iliyobaki kwa mizunguko, mkono mtulivu, na maji yawe yameshuka yote karibu na dakika ya tatu.

AeroPress: gramu 15, maji mililita 220, koroga, subiri dakika mbili, sukuma polepole kwa nusu dakika, acha ukisikia mlio wa hewa.

Moka: jaza maji ya moto hadi chini kidogo ya vali ya usalama, weka kahawa bila kushindilia, moto mdogo. Ikianza kukoroma, iondoe jikoni mara moja.

Hatua ya 8: Rekebisha kitu kimoja kwa wakati

Ikiwa chachu na tupu, kahawa haijaiva: saga laini zaidi. Ikiwa chungu na inakausha ulimi, imeiva kupita kiasi: saga kubwa zaidi. Ikiwa tamu ila nyepesi tu, ongeza gramu mbili. Usibadilishe usagaji na kipimo siku moja, hutajua kipi kimesaidia. Tumia kahawa ileile mpaka mfuko uishe, na kila unapogusa kinu, andika namba ya usagaji uliyokiwekea juu ya mfuko kwa kalamu. Mfuko mpya ukifika, hata ukiwa wa kahawa ileile, anzia kwenye namba hiyo na uonje upya.