SOMO: Dizeli inavuta upepo, asubuhi haiwaki. Soma hapa kabla hujanipigia simu

Jamani naandika mara moja ili mtu akiniuliza nimrushie hii, maana kila siku wimbo ni ule ule, fundi gari asubuhi inasumbua, nikipampu kwa mkono juu ya filta inawaka, mchana haina neno, na kuna mtu keshamwambia anunue pampu ya dizeli. Usinunue kwanza. Ukipampu kwa mkono ikawaka ujue usiku dizeli imerudi tenki na upepo, yaani hewa, umekaa mahali pake. Na msitafute palipolowa! Hizi injini zetu za zamani za Toyota, 2L, 3L, 5L, 1HZ, kutoka tenki mpaka kwenye pampu dizeli inavutwa, haisukumwi, kwa hiyo ni kama kunywa dafu kwa mrija wenye ufa, unavuta hewa na nje halidondoki hata tone.

Andaa spana 10, 12 na 17, bisibisi, klipu mpya za kukaza kwa bisibisi, mpira wa plastiki wa kuona ndani unaobana sawasawa kwenye bomba, na kidumu kisafi cha lita tano.

1. Zima injini, ipoe, futa vumbi kwenye maungio yote.

2. Kagua mipira, uliopasuka mdomoni kata au badilisha.

3. Toa mpira unaotoka filta kwenda kwenye pampu, weka ule wa kuona ndani, toa upepo (namba 7), washa. Hapa ndipo watu wanaharibu. Mapovu ya mwanzo ni ya mkono wako mwenyewe ulipofungua, hayana maana, acha injini iungurume dakika kadhaa ndio uangalie. Kapovu kamoja kamejibanza juu kwenye kona ya mpira hakasogei, kaache. Yakipita mfululizo, hasa ukiongeza resi, upepo unaingia nyuma ya hapo. Sasa hamisha mpira uweke kabla ya filta. Mapovu yakikatika hapo, mchawi ni filta na kichwa chake, yakiendelea rudi nyuma kuelekea tenki, kiungo kimoja kimoja, usiruke. Ukimaliza UTOE huo mpira wa plastiki, dizeli na joto vinaukausha unakuwa mgumu, siku moja unapasuka uko Segera usiku.

4. Kama bado una wasiwasi tundika kidumu chenye dizeli safi juu kuliko injini, kifunge mbali na feni, chomeka moja kwa moja kwenye pampu. Ikitulia, pampu yako nzima.

5. Kwenye filta angalia oringi, ile pete ya mpira ya kuziba. Ya zamani hubaki imeganda juu kwenye kichwa, mtu anafunga mpya juu yake, zinakuwa mbili, hapo hata ukaze na bomba la mita haishiki. Paka mpya dizeli, kaza kwa mkono. Angalia na koki ya kutolea maji chini, ina oringi yake.

6. Mipira midogo ya ritani (ya kurudisha dizeli iliyobaki) juu ya nozeli zinazopuliza dizeli kwenye silinda, ikiwa na nyufa badilisha yote, ni bei ndogo.

7. Toa upepo: pampu kwa mkono kile kitufe cha juu ya filta mpaka kiwe kigumu, piga stata sekunde kumi na tano zisizidi, pumzisha. Ikigoma legeza nati za nozeli (17) kidogo, piga stata mpaka dizeli iruke bila povu, kaza.

MASWALI

Mdau wa Pongwe: Fundi yangu haiwaki nifanyeje
Jibu: Soma namba 3.

Mdau wa Pongwe: Nimesoma, ila nimepaka silikoni kila kiungo bado
Jibu: Sasa nimeandika wapi silikoni? Dizeli inailainisha, vipande vinaingia kwenye mfumo. Ibandue yote, safisha, uanze upya.

Dada wa Pangani: Nikipaki pua imeangalia chini kwenye mteremko asubuhi inawaka mara moja, nikigeuza pua juu inasumbua. Vinahusiana?
Jibu: Vinahusiana sana dada yangu, na umeangalia vizuri kuliko mafundi wengi. Pua ikiwa juu pampu inakuwa juu zaidi ya tenki, dizeli inarudi tenki kirahisi, hewa ikiingia penye upenyo. Sasa jaza tenki uone. Kama tatizo linakuja tenki likishuka nusu tu, shuku bomba la kuvutia lililomo ndani ya tenki, limetoboka, dizeli ikishuka chini ya tundu linavuta hewa. Na huku kwetu pwani chumvi inakula mabomba ya chuma pale yaliposhikwa na klipu kwenye chasisi. Fungua klipu, geuza bomba, kutu imejificha upande wa juu.

Mdau wa Chumbageni: Hailaksi ya D4D nalegeza nati za nozeli hivyo hivyo?
Jibu: HAPANA. Hiyo ni dizeli ya kisasa, presha yake inapita baa elfu, dizeli inapenya ngozi kama sindano, ni hospitali moja kwa moja. Ya kwako ishia kwenye filta.

Mdau mwingine: Si ungepuliza spreyi ya kuwashia tu yaishe
Jibu: Kwenye injini yenye hita plagi, zile za kupasha moto ndani ya silinda, ikulipukie? Puliza yako.

Mvuvi wa Deep Sea: Boti yangu washa (pete bapa) za shaba kwenye pampu zinavuja kila nikifungua, dukani hakuna saizi
Jibu: Mzee, mpya ndiyo bora, ila kwa dharura ichome washa kwenye moto mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji, shaba inalainika upya inakaa vizuri. Isugue masizi kwanza kabla hujairudisha. Na ukishafunga toa maji chini ya filta, kwenye boti hayakosekani.