Sindano ya ganzi kabla ya kushona msamba

Mwongozo huu ni wa wakunga. Muulize mama kama amewahi kudhurika na dawa ya ganzi, kisha soma lebo ya chupa. Lidokaini (dawa ya ganzi) isiyo na adrenalini (dawa inayobana mishipa) isizidi miligramu 4 kwa kila kilo ya mwili: mama wa kilo 50, miligramu 200. Hizo ni mililita 40 za asilimia 0.5, lakini 10 tu za asilimia 2! Ya asilimia 2 izimue: mililita 5 kwa 15 za maji ya dripu ya chumvi.

Mara nyingi mililita 10 za asilimia 0.5 zinatosha. Ingiza sindano chini ya ngozi kandokando ya mchaniko, chini ya utando wa uke na ndani ya misuli. Kila unapobadili mahali, vuta kwanza kisukumio cha bomba la sindano nyuma, uone kama damu inaingia. Ukiona damu, usisukume dawa, kwani ikiingia mshipani huleta degedege, hata kifo. Hamisha sindano, vuta tena.

Subiri dakika 2, bana ngozi kwa koleo. Akisikia, ongeza dakika 2. Usiwe na haraka.

Midomo kufa ganzi, masikio kuvuma, kizunguzungu: acha mara moja, mpe oksijeni, ita msaada.