SOMO: Namna ya kusoma vitabu vya wanamuziki wa roki, gita na spika vikiwa karibu

Wakuu habari za jioni. Kuna ndugu yetu wiki iliyopita alilalamika kanunua kitabu cha staa wa roki, likitabu linene, kafika ukurasa wa arobaini kachoka maana anaona majina ya watu asiowajua tu. Nikamwahidi somo, ndo hili. Hivi vitabu navipenda toka moyoni na nimevisoma miaka mingi, na kitu kimoja nina uhakika nacho: kitabu cha mwanamuziki ukikisoma kimya kimya kama riwaya, bila mziki wenyewe pembeni, umekula wali mkavu. Mchuzi uko kwenye spika.

HATUA YA 1: Anza na sikio
Usianze na orodha za "vitabu bora", chagua mtu ambaye wimbo wake ulishawahi kukufanya urudie mara tano. Sikiliza albamu mbili tatu zake kwanza, wiki nzima, kwenye daladala au ukiosha vyombo popote pale, alafu ndo ufungue kitabu. Majina yale hayatakuwa mageni tena.

HATUA YA 2: Jua nani kashika kalamu
Wengi wanairuka hii. Jalada linaweza kuwa na jina la staa peke yake lakini ndani kuna mwandishi aliyekaa naye na kinasa sauti miaka kadhaa. Mfano Keith Richards, mpiga gita wa bendi ya Rolling Stones ya Uingereza, kitabu chake Life kilitoka 2010 na aliyeandika naye ni James Fox, mwandishi wa habari, na wakenya mtamkumbuka maana ni yule yule aliyeandika kitabu cha White Mischief kuhusu kuuawa kwa Lord Erroll, mzungu mkubwa wa enzi za ukoloni, nje ya Nairobi mwaka 1941. Ukijua hivyo unaelewa kwanini Life inatiririka vile, huyo ni mtu aliyezoea kuwakalisha watu chini wakamwaga habari. Patti Smith upande wake alikuwa mshairi kabla hajawa muimbaji, kwahiyo Just Kids ya 2010 kila sentensi unasikia ni mkono wake, na kilichukua tuzo ya vitabu ya National Book Award kule Marekani mwaka huo huo. Alafu kuna vile ambavyo staa hakuhusika kabisa, mtu kahoji madereva, mameneja na wapenzi wa zamani. Navyo vina faida, ila jiulize kila ukurasa: huyu anayesimulia alikuwepo chumbani au kaambiwa?

HATUA YA 3: Jaribu kwa mkono
Hapa ndipo raha ilipo. Kwenye Life Keith anaeleza anavyotyuni gita lake. Mimi nilisoma zile kurasa mara mbili sikuelewa, jumamosi moja nikaazima gita la kwaya nikafanya anachosema. Toa uzi wa sita, ule mnene wa juu, weka pembeni. Uzi wa tano unaosoma A ulegeze mpaka G (herufi hizi ni majina ya noti). Uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa wa chini unaosoma E, ulegeze mpaka D. Zile tatu za kati usiziguse. Sasa una nyuzi tano, G D G B D, pitisha mkono bila kubana chochote na tayari ni kodi (chord, noti kadhaa zinazolia pamoja) ya G nzima, alafu laza kidole kimoja tu juu ya nyuzi zote kwenye freti ya tano, vile vijichuma vya shingoni mwa gita, umeshafika C. Nilivyopiga hivyo nikasikia mlango wa Honky Tonk Women, wimbo wa Rolling Stones, unafunguka pale chumbani kwangu, nikabaki nimesimama tu. Miaka yote nilidhani ni vidole vyenye kasi, kumbe ni gita limelegezwa vizuri na mkono wa kulia wenye subira. Nikarudisha nyuzi zote kama zilivyokuwa maana kesho yake kwaya walikuwa wanalihitaji.

Huna gita? Jaribu kwa sikio. The Beatles, bendi ya Uingereza, tarehe 11 Februari 1963 waliingia studio ya Abbey Road, London, wakarekodi nyimbo kumi za albamu yao ya kwanza kwa siku moja. Muimbaji wao John Lennon alikuwa na mafua, wimbo wa Twist and Shout ukawekwa mwisho kabisa kwasababu walijua utamchana koo. Soma habari hiyo kwanza, vaa hedifoni, sikiliza. Ile sauti inayokwaruza kama mtu anavuta bati kwenye sakafu ni koo la mtu mgonjwa aliyeimba toka asubuhi, na iliyoingia kwenye albamu ni ile ya mara ya kwanza walivyoupiga.

HATUA YA 4: Tafuta karatasi
Kumbukumbu za wanamuziki zina mashimo, ni haki, watu walikuwa barabarani miaka na wengine na madawa juu. Kwahiyo ukikuta kitabu chenye karatasi za wakati ule kipe uzito. Ndani ya Life kuna barua Keith aliyomwandikia ndugu wa familia yao mwaka 1962, anasimulia alivyokutana na Mick Jagger, ambaye baadaye ndo akawa muimbaji wa Rolling Stones, stesheni ya Dartford kule Uingereza, Keith akiwa ameshika rekodi ya Chuck Berry, mwanamuziki wa roki wa Marekani. Wakati huo hakuna aliyemjua, hakuwa na sababu ya kujipamba. Barua hiyo moja naiamini kuliko sura tatu za kukumbuka. Kwa Beatles, Mark Lewisohn ndiye mtu wa karatasi, alipewa nafasi ya kusikiliza kanda zenyewe za Abbey Road na kitabu chake cha 1988 kinakwenda siku kwa siku.

HATUA YA 5: Angalia palipo wazi
Freddie Mercury, muimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, familia ya Kiparsi, baba yake mtunza fedha mahakamani. Mtoto alipelekwa bodingi Panchgani, India, akarudi 1963, na 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Feltham, Uingereza. Alifariki 1991 hajaandika kitabu cha maisha yake, kile cha 2006 kinachoitwa maneno yake mwenyewe kimekusanywa kutoka kwenye mahojiano. Sasa fungua karibu kitabu chochote juu yake uhesabu kurasa za Zanzibar, ni chache mno, bahari, karafuu, tushafika London. Msomaji wa kwetu usipite hapo haraka, jiulize mwandishi aliongea na nani wa Mji Mkongwe, au alikaa tu maktaba.

MASWALI YA WADAU

mpiga_besi: Mwalimu asante sana. Kiingereza changu cha kuungaunga, nianze na kipi?
JIBU: Karibu kaka. Anza na Born to Run ya Bruce Springsteen, muimbaji wa roki wa Marekani, ya 2016, alafu tafuta na ile ya kusikiliza maana kaisoma yeye mwenyewe. Kitabu mkononi, sauti masikioni, neno usilolijua litabebwa na sauti yake. Anapozungumzia baba yake na ugonjwa wa huzuni uliompata hata yeye ukubwani, utaelewa.

BintiVuga: Shikamoo. Lile neno Bismillah kwenye wimbo wa Queen, Bohemian Rhapsody, ni kumbukumbu za Zanzibar kweli? Kuna kitabu kimesema.
JIBU: Marahaba binti. Freddie aligoma kuueleza ule wimbo mpaka anakufa. Kwahiyo mwandishi anayesema kwa uhakika anakisia, ingawa na mimi moyoni ningependa iwe kweli. Rudi hatua ya pili, aliyesema alikuwepo?

mama_J: Mwanangu ana miaka 14 anapiga ngoma kanisani, nimefungua Life nimekuta heroini imejaa, nikaifunga.
JIBU: Umefanya vizuri dada, ile isubiri. Mpe The Storyteller ya Dave Grohl, mpiga ngoma wa zamani wa bendi ya Nirvana, ya 2021, dogo aliyejifunza ngoma kwa kupiga mito kitandani. Na wewe chukua cha mama yake, Virginia Grohl, alikuwa mwalimu wa shule, mwaka 2017 akatoa From Cradle to Stage baada ya kuzunguka kuongea na mama za wanamuziki wengine. Msome kwa pamoja, kila mtu chake.

mdau_Kitwe: Mmesahau Zambia jamani!
JIBU: Hapana ndugu yangu, nilikuwa nakusubiri. Zamrock, yaani roki ya Zambia ya miaka ya sabini, bendi kama WITCH na Ngozi Family, magita yenye vumbi la migodi. Muimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, mnamwita Jagari, jina limetoka kwa Jagger yule yule wa stesheni ya Dartford. Kuna Welcome to Zamrock ya 2017, rekodi na kitabu ndani yake, picha na maelezo. Ila wewe uko Kitwe, wazee waliocheza hizo ngoma baa za Copperbelt, mkoa wenu wa migodi, wengine bado wapo. Chukua simu, bonyeza kurekodi, nenda kawasikilize, alafu utuletee hapa.