Kuotesha asumini kwenye ardhi ya maweni

Nilipoolewa Makunduchi, kusini mwa Unguja, nilikuja na vijiti sita vya asumini kutoka Wete, Pemba, nimevifunga kwenye kitambaa kibichi ndani ya mkoba. Kwetu Wete ukichomeka kijiti cha asumini ardhini wakati wa masika, huna haja ya kurudi kukitazama. Basi na mimi nikavichomeka nyuma ya nyumba, nikaendelea na mambo yangu.

Vilishika vyote. Ila baada ya miezi mitatu majani yakaanza kugeuka manjano. Nikafanya afanyavyo mama yangu: nikachota jivu la kuni jikoni, nikamwaga kwenye mashina. Manjano ikazidi. Nikaongeza jivu. Miwili ikafa. Mavyaa wangu, ambaye siku zote hizo alikuwa ananitazama tu, ndipo akaniambia: "Mwanangu, hapa si Pemba. Hapa ukichimba kidogo tu unagonga jiwe."

Kosa langu lilikuwa hilo. Pemba ardhi ni ya kina, na mvua ni nyingi, karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Maji yanashuka na chokaa yake, udongo unabaki na tindikali, na jivu linaipunguza. Upande huu wa mashariki na kusini mwa Unguja tumekalia matumbawe ya kale, na matumbawe ni chokaa tupu. Kumwaga jivu hapa ni kumtilia chumvi mtu anayelalamika kuwa mchuzi umezidi chumvi.

Kwa hiyo kabla hujapanda chochote cha thamani, upime udongo wako. Huhitaji maabara. Chota udongo mkavu kidogo, uweke kwenye kifuniko cha kopo, kamulia nusu ndimu, kisha tega sikio. Wa kwangu ulichemka, vipovu vikapanda na sauti kama soda inayofunguliwa. Huo una chokaa tele. Niliporudi Wete kusalimia nikajaribu udongo wa chini ya mkarafuu: kimya, ukalowa tu.

Jani nalo linasema, ukijua kulisoma. Tazama manjano imeanzia wapi. Ikianzia majani machanga ya juu, na mishipa ya jani imebaki kijani kama ramani, mmea umekosa madini ya chuma. Ikianzia majani makuukuu ya chini, na jani zima limefifia, huo una njaa ya samadi. Usichanganye, maana dawa zake ni mbalimbali. Watu watakuambia fukia misumari yenye kutu. Nimefukia, haikusaidia. Chuma mara nyingi kimo humo humo udongoni. Kinachotokea ni kwamba chokaa ikizidi inakifunga, mzizi hauwezi kukinywa. Ukiongeza msumari umeongeza cha kufungwa.

Asumini ya maweni basi ipande kwenye chombo. Mimi natumia ndoo za rangi za lita 20, nazitoboa matundu matano chini. Udongo nauagiza kutoka mashamba ya ndani, ule mwekundu wa kinongo, na kila mzigo mpya naupima kwa ndimu kabla sijaulipia. Mafungu mawili ya udongo, fungu moja la samadi ya ng'ombe iliyooza hadi haina harufu, fungu moja la makumbi ya nazi yaliyooza na kuvunjikavunjika. Hapo kwenye makumbi nisikilize vizuri: yawe ya shamba. Usiende kuokota makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba, yale yamekunywa bahari. Na chini ya ndoo, ili maji yapite, weka vigae vya vyungu vilivyovunjika. Niliwahi kuweka vijiwe vya matumbawe kwa sababu ndivyo vilivyojaa uani, nikawa nimeirudisha chokaa kwa mlango wa nyuma.

Mwani ni mbolea nzuri, lakini uache unyeshewe masika nzima kwanza.

Maji ndiyo yatakayokusumbua zaidi kuliko udongo. Visima vyetu huku vina chumvi kidogo, na kiangazi inazidi. Onja. Kama chai yako huwa haikolei vizuri, mmea nao umekwisha kuijua habari hiyo: ncha za majani zitakauka, rangi ya kahawia, kama zimepitishwa kwenye moto. Kinga mvua. Bati la mita za mraba 20 likipata milimita 10 tu za mvua linateremsha lita 200, pipa zima. Maji ya pipa nayaweka kwa asumini peke yake, na nikimkuta mtoto anaoshea miguu tunagombana. Pipa likiisha na ukalazimika kutumia kisima, usitie kikombe kimoja kimoja kila siku. Tia mengi kwa mara moja mpaka yatoke chini, yaondoke na chumvi yake, kisha acha udongo wa juu ukauke.

Halafu kuna kusi, upepo wa kutoka kusini. Makunduchi tumelipa kusi uso. Likishika, kuanzia masika yanapoisha hadi Septemba hivi, sherehe yetu ya Mwaka Kogwa ya Julai ikiwa katikati, linakuja na unyevu wa bahari na chumvi yake. Ukipitisha kidole kwenye jani asubuhi na kukilamba utaionja. Ndoo ziweke upande wa nyumba unaotazama bara, au zikingie kwa ua wa makuti. Makuti ni bora kuliko ukuta wa matofali, kwa sababu yanauchuja upepo. Ukuta unaupandisha juu kisha unaangukia mimea yako kwa nguvu zaidi. Mwenye nafasi apande mvinje. Siku za upepo mkali nasuuza majani kwa maji matamu jioni.

Si kila kitu kinataka kubembelezwa hivi. Mipapai, pilipili, kunde, choroko na mtama vinakubali kwenye vishimo vya udongo kati ya mawe, na mpapai hasa unapenda maji yanavyopita haraka. Mkadi haujali bahari hata kidogo. Tungule, yaani nyanya, usiziharakishe wakati wa masika, majani yanaungua kwa ukungu. Zipande mvua zikishakatika, zikue kwenye ubaridi wa kipupwe. Mrehani unakua ndooni bila maneno.

Asumini wakati wa kipupwe inalala, maua ni ya kuhesabu. Usiilazimishe kwa samadi. Ngoja Septemba, chukua mkasi, punguza matawi kwa theluthi moja, kwa sababu ua linatoka kwenye tawi jipya. Ndipo utie samadi. Vuli inapofika na joto nalo likapanda, tawi changa linakuja na vifumba vitatu vitatu kwenye ncha.

Miti yangu minne iliyobaki ilihamia ndooni, na sasa nina ndoo kumi na moja. Nachuma alasiri, baada ya jua kupungua ukali. Kifumba kinachofaa ni kile kilichojaa na kuwa cheupe kabisa lakini bado kimefumba. Chenye ukijani kiache, hakitafunguka. Ukisubiri mpaka kifunguke mtini, kesho kikuba chako, kile kishada cha maua cha kujipamba, kitakuwa cha kahawia. Nyunyizia maji kidogo, funga kwenye jani la mgomba, weka mahali penye kivuli. Baada ya magharibi yatafunguka yenyewe humo ndani, na utajua kabla hujafungua jani.